Malipo ya awali ya fidia au kusubiri hukumu? Ulinganisho kwa familia zenye kesi za uzembe wa kitabibu Uingereza

Kesi ya mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa huchukua miaka mingi Uingereza. Hata hospitali ikikiri kosa mapema, madaktari hawathubutu kusema kama mtoto atatembea, atazungumza au ataweza kula mwenyewe mpaka afikishe umri fulani, na kiasi cha fidia kinategemea majibu hayo hayo. Huku nyuma mtoto anaongezeka uzito. Mama anambeba kupanda na kushuka ngazi za fleti, baba amepunguza zamu kazini, na bibi ametoka Tanga kuja kusaidia kwa miezi michache ambayo imeshageuka mwaka.

Mimi huwatafsiria wazazi wa Kiswahili katika vikao vyao na mawakili. Karibu kila familia hufika kwenye swali moja: tuombe sehemu ya fedha sasa, au tusubiri zije zote pamoja? Msimamo wangu ni kwamba familia iombe, na iombe mapema. Lakini ijue kwamba hakimu hupima ombi hilo kwa ripoti za wataalamu, hivyo anayechagua namna ya kuomba fedha anachagua pia mtaalamu gani aandike, lini, na kuhusu nini. Wazazi wengi huyachukulia mambo haya mawili kama safari mbili tofauti, na hapo ndipo wanapopoteza muda.

Ninayoeleza hapa ni sheria ya England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Kuomba sasa na kusubiri mwisho

Malipo ya awali ni sehemu ya fidia inayolipwa kabla kesi haijaisha. Utaratibu wake umo katika Sehemu ya 25 ya kanuni za mwenendo wa madai. Milango mikuu ya kupitia ni mitatu: mdaiwa awe amekiri kwamba anawajibika kulipa, au mahakama iwe imeshatoa hukumu dhidi yake na kilichobaki ni kukadiria kiasi, au hakimu aridhike kwamba kesi ikisikilizwa, mdai angeshinda na kupata fedha nyingi. Mlango ukishafunguka, bado kuna kikomo: kinachotolewa kisizidi sehemu ya kuridhisha ya kile ambacho huenda hukumu ya mwisho itatoa.

Anayesubiri anapata utulivu wa aina moja. Hana ombi la kuandaa, hana ripoti ya kuonyesha upande wa pili mapema, na hana hofu ya kuambiwa arudishe. Ndiyo, mahakama inaweza kuamuru fedha zirudishwe ikiwa zilizotolewa zimezidi kilichoamuliwa mwishoni. Ila hofu hiyo huwa kubwa kuliko hatari yenyewe, kwa sababu hesabu ya malipo ya awali hufanywa kwa tahadhari.

Anayeomba anapata kile ambacho hukumu ya baadaye haiwezi kumrudishia, yaani miaka ya mwanzo ya mtoto. Mtaalamu wa viungo anayekuja nyumbani kila wiki mtoto akiwa na miaka 3 ana kazi tofauti na yule anayeanza mtoto akiwa na miaka 9, nyonga zimeshatoka mahali pake na mgongo umeshapinda. Kuomba hakufungi kesi wala hakumaanishi umekubali kiasi fulani. Unaweza kuomba zaidi ya mara moja. Na hakimu atakayesikiliza kesi haambiwi kwamba ulilipwa chochote mpaka awe ameshaamua masuala yote ya kosa na ya kiasi, isipokuwa mdaiwa akubali aambiwe.

Mara nyingi hakuna hata haja ya kubishana mbele ya hakimu. Kesi za hospitali za umma za England husimamiwa na NHS Resolution, na pale kosa lilipokwisha kukiriwa, barua nzuri ya wakili yenye ripoti na orodha ya mahitaji inaweza kutosha. Kwa mtoto, au mtu mzima asiye na uwezo wa kuamua mambo yake, hata malipo ya hiari yanahitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Wazazi wasishtuke wakiambiwa kuna kikao ilhali pande zote zimeshakubaliana.

Hospitali ikikana: kuomba hivyo hivyo, au kesi ya kosa isikilizwe kwanza

Hapa hali inabadilika kabisa. Mlango uliobaki ni ule wa tatu, nao ni mgumu kuliko unavyosikika. Hakimu anatakiwa aridhike kwamba mdai *angeshinda*. Kuwa na kesi nzuri hakutoshi.

Katika kesi za matibabu ugumu huo una sababu yake. Tangu kesi ya Bolam ya mwaka 1957, daktari hahesabiwi mzembe ikiwa alichofanya kinakubaliwa na kundi la madaktari wanaoheshimika wa fani yake. Kesi ya Bolitho ya mwaka 1997 iliongeza kwamba maoni ya kundi hilo lazima yawe na mantiki inayostahimili maswali. Kwa hiyo upande wa hospitali ukileta ripoti ya daktari bingwa wa uzazi anayesema "hata mimi ningesubiri dakika 20 zaidi," hakimu wa ombi la malipo ya awali hawezi kuamua nani mkweli bila kuwasikia mashahidi wakihojiwa. Atalikataa ombi, si kwa sababu mtoto hana haki, ila kwa sababu mahali pa kuamua jambo hilo ni kwenye kesi yenyewe.

Halafu kuna suala la chanzo. Kuthibitisha kwamba mkunga alichelewa kumwita daktari ni nusu ya kazi. Inabaki kuthibitisha kwamba kuchelewa huko ndiko kulikoumiza ubongo. Mtaalamu wa picha za ubongo anatazama MRI na kuuliza madhara yamekaa wapi. Yakiwa kwenye viini vya ndani kabisa vya ubongo, kwa kawaida yanaashiria kwamba oksijeni ilikatika ghafla na karibu yote. Yakiwa kwenye maeneo ya mipaka kati ya mishipa mikubwa ya damu, yanaashiria upungufu wa muda mrefu usio kamili. Katika hali ya kwanza hoja inakuwa ya dakika: moyo wa mtoto ulishuka saa ngapi, ulipanda tena saa ngapi, na kama angetolewa dakika 8 mapema angesalimika au angeumia kidogo. Mawakili hukaa siku nzima na ukanda wa karatasi wa mashine ya mapigo ya moyo wa mtoto, wakilinganisha saa iliyochapwa juu yake na saa aliyoandika mkunga kwa mkono kwenye daftari la uzazi, na saa hizo mbili hazilingani kila wakati.

Kwa familia iliyo katika hali hii, mimi naona nguvu ielekezwe kuomba kesi igawanywe: suala la kosa na chanzo lisikilizwe peke yake kwanza, kiasi kije baadaye. Familia ikishinda sehemu hiyo, mlango wa pili umefunguka. Mara nyingi, tarehe ya kesi inapokaribia, upande wa pili hukubali kuwajibika kwa asilimia fulani, tuseme 80, na makubaliano hayo yakishaidhinishwa na hakimu malipo ya awali yanawezekana. Wapo wazazi wanaoona asilimia 80 ni kunyang'anywa. Naelewa uchungu huo, na uamuzi ni wao. Wapime tu uwezekano wa kushindwa kabisa, kwa sababu anayeshindwa kwenye suala la kosa hapati hata senti moja.

Kesi za ridhaa, ambapo mgonjwa hakuelezwa hatari kabla ya kukubali matibabu, ni tofauti kidogo. Katika kesi ya Montgomery ya mwaka 2015, mama mwenye kisukari na umbo dogo hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama, hatari iliyokadiriwa kuwa asilimia 9 hadi 10 kwa mama kama yeye. Mahakama ya Juu ilisema swali si madaktari wengine wangesema nini, bali mgonjwa aliye katika hali yake angetaka kujua nini, na fidia ikawa pauni milioni 5.25. Katika kesi kama hizo kauli ya mama kuhusu alichoambiwa na alichouliza ina uzito mkubwa. Kama mama hakuelewa Kiingereza vizuri na hakuletewa mkalimani, hilo liandikwe tangu maelezo yake ya kwanza.

Kiasi cha mahitaji, au kiasi cha nyumba

Kosa limekiriwa. Sasa uombe kiasi gani? Kesi inayoongoza ni ya Cobham Hire dhidi ya Eeles, ya mwaka 2009, ambapo Mahakama ya Rufani ilifuta amri ya malipo ya awali ya pauni milioni 1.2 na kuweka njia ya hatua mbili.

Hatua ya kwanza, hakimu anahesabu vitu ambavyo karibu hakika vitalipwa kwa mkupuo: fidia ya maumivu na kupoteza raha ya maisha, hasara zilizokwisha kutokea pamoja na riba, na kwa kawaida gharama ya nyumba. Gharama za matunzo ya miaka ijayo, ambazo ndizo kubwa kuliko zote, anaziacha nje kwa sababu huenda hakimu wa mwisho akaamuru zilipwe mwaka hadi mwaka. Jumla hiyo ikiwa imekadiriwa kwa tahadhari, anaweza kutoa hata asilimia 90 yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Maumivu pauni 380,000, hasara zilizopita 220,000, nyumba 600,000. Jumla ni 1,200,000. Asilimia 90 ni 1,080,000. Kama familia ilishapokea 200,000, inabaki 880,000. Na kama makubaliano yalikuwa ya asilimia 80, jumla inashuka kuwa 960,000, asilimia 90 yake ni 864,000, na ukitoa 200,000 unabaki na 664,000. Fanya hesabu hii na wakili wako kabla ya kuanza kutembelea nyumba zinazouzwa. Nimeona familia ikishachagua nyumba, pamoja na shule ya watoto wengine na msikiti wa jirani, halafu hesabu ikakataa.

Hatua ya pili ni kwa anayetaka zaidi ya hapo. Hakimu lazima awe na uhakika mkubwa kwamba hakimu wa mwisho atatoa mkupuo mkubwa zaidi, na aone kwamba fedha zinahitajika sasa hivi, si baada ya hukumu. Hapo ndipo ripoti inapobeba kila kitu.

Ombi la kiasi kidogo, kwa mfano la mhudumu wa usiku, kiti maalumu, tiba ya matamshi, na kodi ya nyumba ya chini isiyo na ngazi, hupita kwa urahisi, tena mara nyingi bila kikao. Ombi la kununua nyumba ni vita. Upande wa pili utasema mnataka kumfunga mikono hakimu wa mwisho: mkishahamia na kuweka wahudumu wa saa 24, mtamwonyesha kwamba mpango wenu unafanya kazi na wao hawatakuwa na nafasi ya kuonyesha mpango wao. Mahakama huisikia hoja hiyo, ingawa hailikatai ombi kila mara.

Jambo moja limewasaidia wadai. Tangu kesi ya Swift dhidi ya Carpenter ya mwaka 2020, fidia ya nyumba imekuwa kubwa zaidi. Mdai katika kesi hiyo alihitaji nyumba ghali zaidi kwa pauni 900,000, na akapewa 801,913. Kilichokatwa ni thamani ya leo ya nyumba itakayobaki baada ya maisha yake. Maisha yanayotarajiwa yakiwa mafupi, makato yanakuwa makubwa, ndiyo maana ripoti ya umri wa kuishi, ambayo hakuna mzazi anayependa kuisoma, inaingia hata kwenye hesabu ya nyumba.

Ushauri wangu: mtoto akiwa mdogo na picha ya maisha yake bado haijatulia, omba kiasi cha mahitaji na cha kukodi nyumba inayofaa. Omba kiasi cha kununua pale ripoti za matunzo, za tiba ya kazi (ya kumwezesha mtoto kufanya shughuli za kila siku) na za nyumba zinaposema kitu kimoja.

Mtaalamu wako, au mtaalamu wa pamoja

Sehemu ya 35 ya kanuni inasema hakuna ushahidi wa mtaalamu bila ruhusa ya mahakama, na kwamba wajibu wa mtaalamu kwa mahakama uko juu ya wajibu wake kwa anayemlipa. Hili huwakera wazazi: tunamlipa sisi, kwa nini asitutetee? Kwa sababu anayetetea haaminiki. Ripoti inayokiri udhaifu wa kesi yako katika ukurasa wa 14 ndiyo itakayosimama ikihojiwa kuhusu ukurasa wa 20.

Mtaalamu wa pamoja huelekezwa na pande zote mbili, gharama hugawanywa, na ripoti ni moja. Ni rahisi na haraka zaidi, na anafaa sana kwa madai madogo au kwa suala lisilo na mabishano makubwa. Ila ujue unachokiacha. Kesi ya Peet ya mwaka 2001, nayo ya mtoto na hospitali, iliamua kwamba upande mmoja hauwezi kukutana na mtaalamu wa pamoja faragha. Hamtaweza kukaa naye na wakili wenu kumuuliza "ukihojiwa hivi utasemaje?" Mnabaki na haki ya kumwandikia maswali ndani ya siku 28 baada ya ripoti. Msiporidhika naye, kesi ya Daniels dhidi ya Walker ya mwaka 2000 inaruhusu kuomba mtaalamu wenu, lakini lazima muwe na sababu za msingi.

Kwenye suala la kosa na chanzo, kwa jeraha kubwa, sitamshauri mzazi yeyote akubali mtaalamu wa pamoja. Kila upande uwe na mkunga wake, daktari wake wa uzazi, wa watoto wachanga, wa mishipa ya fahamu ya watoto na wa picha za ubongo, kisha wakutane fani kwa fani na kuandika waliyokubaliana na waliyotofautiana. Hati hiyo ya pamoja huamua kesi nyingi kuliko kikao chenyewe. Matunzo pia, weka mtaalamu wako.

Mchague vipi? Muulize wakili kama bado anafanya kazi hospitalini au aliwahi kufanya miaka ile mtoto alipozaliwa, kama huandika kwa ajili ya wadai na hospitali pia, na kama ameshahojiwa mahakamani. Muulize vilevile ripoti itachukua muda gani, maana bingwa mzuri anaweza kuwa na foleni ya miezi.

Jihadharini na ripoti ya haraka. Ili kupata malipo ya awali, mara nyingine wakili huhitaji ripoti ya matunzo mtoto akiwa bado mdogo. Ripoti hiyo ikishaonyeshwa upande wa pili, kila namba iliyomo itakumbukwa. Mtaalamu akiandika leo kwamba mhudumu mmoja anatosha, na baada ya miaka 4 akaandika wawili, ataulizwa kilichobadilika. Mwombeni aandike waziwazi kwamba anaeleza mahitaji ya miezi 12 hadi 18 ijayo tu, na kwamba ya baadaye atayapima upya.

Daktari anayemtibu mtoto, au wa nje

Wazazi hupenda daktari wa mtoto wao aandike, kwa sababu anamjua. Anaweza kueleza alichoona na alichofanya, na rekodi zake ni muhimu. Lakini kuamua kama wenzake walikosea si nafasi yake, na huenda anafanya kazi kwenye hospitali ile ile inayodaiwa. Uhusiano wenu naye ni wa miaka mingi ijayo. Mwacheni atibu.

Kuna pia mjomba au shangazi aliye daktari Dar es Salaam au Nairobi, anayeangalia karatasi kwenye simu na kusema wazi kwamba hapa palifanyika uzembe. Huenda yuko sahihi. Asaidie kuandaa maswali ya kumuuliza wakili. Mahakama itapima kwa kiwango cha madaktari wa Uingereza wa mwaka ule, na itataka mtu anayekijua kiwango hicho kwa kukifanyia kazi.

Mkupuo au malipo ya kila mwaka

Uchaguzi huu huja mwishoni, lakini unagusa malipo ya awali. Malipo ya kila mwaka hutolewa maisha yote ya mtoto, hayatozwi kodi, na tangu kesi ya Thompstone ya mwaka 2008 yanaweza kupandishwa kwa kufuata mishahara ya wahudumu badala ya bei za madukani. Mkupuo unawapa uhuru, pamoja na hatari ya fedha kuisha mtoto akiwa hai. Hesabu ya mkupuo hutumia kiwango cha punguzo, yaani makadirio ya faida ambayo fedha zikiwekezwa zitaleta, ambacho tangu tarehe 11 Januari 2025 ni asilimia 0.5, kabla yake kilikuwa asilimia 0.25 chini ya sifuri, hivyo mkupuo wa hasara za miaka ijayo umepungua. Kwa mtoto anayehitaji wahudumu maisha yake yote, naegemea kila mwaka kwa matunzo na mkupuo kwa mengine. Ila mkitumia mkupuo mwingi mno mapema kwenye nyumba, nafasi ya kuchagua inapungua.

Fedha zikishatoka

Fedha za mtoto haziingii kwenye akaunti ya baba. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hatarajiwi kuweza kusimamia mali yake, Court of Protection, mahakama ya watu wasioweza kujiamulia mambo yao, humteua msimamizi, mara nyingi wakili, naye hulipa kwa mahitaji yaliyoonyeshwa. Mdai ambaye ni mtu mzima na anapokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, azungumze na wakili kuhusu kufungua amana maalumu ya fidia, yaani mfuko unaoitunza kando na akiba yake, kabla fedha hazijafika. Akiba inayozidi pauni 16,000 nje ya amana, baada ya mwaka mmoja wa msamaha, inaweza kumkatia msaada huo.

Na bibi aliyetoka Tanga? Matunzo ya ndugu wasiolipwa hudaiwa kama hasara ya mtoto, kwa viwango vya wahudumu vilivyopunguzwa, mara nyingi kwa asilimia 25 kwa kuwa ndugu halipi kodi juu yake, na fedha hizo hushikiliwa kwa niaba ya aliyetunza. Nazo zinaingia katika ile hatua ya kwanza ya hesabu, kwenye hasara zilizopita. Kinachohitajika ni daftari: tarehe, saa za usiku alizoamka, nani alimlisha na kwa muda gani, risiti za nepi, za teksi ya kwenda kliniki, na tiketi ya ndege ya bibi mwenyewe. Mtaalamu wa matunzo atalisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo lianze wiki hii, hata kama wakili bado hajapatikana.